Umekodi Gari Majuu na Unataka Kuvuka Boda? Jua Haya Kabla Hujawasha Injini

Tuseme visa ya Schengen imetoka, tiketi iko, na mbogi yako mmekubaliana mtatua Zurich. Mpango ni kukodi gari pale uwanja wa ndege, mpitie Ujerumani mumchukue cuzo anayeishi Freiburg, halafu mteremke Ufaransa mkipiga picha njiani. Kwa ramani inakaa rahisi kuliko kutoka Nairobi kwenda Nakuru. Boda ziko, lakini zingine hata huzitambui. Unaona tu kibao cha bluu chenye nyota na ushaingia nchi ingine.

Hapo ndio wasee hujisahau. Wanadhani kwa vile visa yao inafanya kazi kote, basi na gari nayo iko sawa kote. Sivyo.

Kama umewahi kuvuka Namanga ama Busia, unajua kuna dirisha mbili. Moja ni ya uhamiaji, wanaangalia wewe ni nani. Ingine ni ya KRA, wanaangalia umebeba nini na umekuja na gari gani. Schengen imeondoa ile dirisha ya kwanza peke yake. Ile ya pili iliondolewa kati ya nchi za Umoja wa Ulaya, EU, juu hizo ziko ndani ya muungano mmoja wa forodha. Sasa Uswisi iko Schengen tangu Desemba 2008, lakini haiko EU na haiko kwa huo muungano. Kwa hivyo ukitoka Zurich kwenda Freiburg pasipoti yako haigongwi muhuri, lakini kwa mambo ya forodha umetoka dunia moja na kuingia ingine. Norway ni vile vile. Kutoka Sweden unavuka tu na gari yako, lakini watu wa forodha wako hapo wanakuangalia.

Na hii ndio sehemu wengi hawaijui: kwa macho ya mtu wa forodha, hiyo gari yenyewe ni mzigo. Ina namba za Uswisi, haijalipiwa ushuru wa EU, na sasa iko ndani ya EU. Akikusimamisha, kitu anataka kujua mapema kabisa ni wewe unaishi wapi.

Ukiwa unaishi Kenya na umekuja tu kutembea, uko fiti. Sheria ya EU inamruhusu mtu anayeishi nje aingie na gari ya namba za nje kwa matumizi yake binafsi, hadi miezi sita, bila kulipa ushuru. Unaonyesha pasipoti, visa na mkataba wa kukodi wenye jina lako, safari inaendelea.

Noma ni cuzo. Yeye ana makazi Ujerumani, analipa kodi huko, jina lake liko kwa rejista ya mji. Akikwambia "leta niendeshe, hizi barabara nazijua," mambo yanabadilika. Mtu anayeishi ndani ya EU hawezi kujiendeshea gari ya namba za nje vile anataka. Kuna nafasi ndogo ndogo amepewa. Anaweza kuendesha mara moja moja kwa ombi la mwenye gari, mradi huyo mwenye gari mwenyewe yuko ndani ya EU wakati huo. Lakini gari ya kukodi mwenyewe si wewe. Mwenyewe ni kampuni, na kampuni iko Zurich. Nafasi ingine ni kama yeye ndiye ameikodi kwa mkataba wa maandishi na anaitumia kurudi kwake nyumbani ama kutoka nje ya EU. Kuzunguka nayo wikendi nzima Ujerumani na Ufaransa haimo.

Akipatikana nje ya hizo nafasi, forodha wanaweza kusema gari imeingizwa nchini bila kulipiwa, na walipe walio ndani yake. Piga hesabu. Ushuru wa EU kwa gari ni asilimia 10, na VAT ya Ujerumani ni asilimia 19 juu ya hapo. Gari ya euro 30,000 inakuwa ushuru 3,000, halafu VAT ya 6,270. Jumla euro 9,270. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya Kenya, kwa gari ambayo Jumatatu inafaa kurudishwa na tangi ikiwa imejaa.

Upande wa pili sheria ni kama hiyo. Mkenya anayeishi Uswisi akitua Milan, akodi gari ya namba za Italia na aende nayo nyumbani, forodha ya Uswisi pia itataka kujua kwa nini mkaaji wao anaendesha gari ya nje. Huko wanakupatia muda mfupi sana wa kuitoa.

Sasa dawa yake ni gani? Angalia namba za gari kabla hujaangalia rangi yake. Kama kuna mtu wa EU kwa mbogi atakayeshika usukani, kodi gari ya namba za EU. Mtalii kutoka Kenya anaiendesha kote bila shida, cuzo wa Freiburg naye anaiendesha, hata mkirudi Uswisi, juu yeye si mkaaji wa Uswisi. Hakikisha tu jina lake limeandikwa kwa mkataba kama dereva wa pili. Hiyo huwa na ada yake, lakini ilipe.

Na kuna uwanja mmoja wa ndege ambao ni kama umejengwa kwa ajili ya hili jambo. Uwanja wa Basel uko ndani ya Ufaransa, ni mkataba wa mwaka 1949 kati ya nchi hizo mbili, na una upande wa Uswisi na upande wa Ufaransa chini ya paa moja. Barabara ya kutoka upande wa Uswisi kwenda mjini Basel imezungushiwa ua ndio isichanganyike na Ufaransa. Ukichukua gari upande wa Uswisi unapewa namba za Uswisi. Ukitembea upande wa pili unapewa za Ufaransa, na mara nyingi bei pia iko chini. Geneva nayo ina upande wa Ufaransa. Wakati wa kubuki chagua upande vizuri, maanake kaunta ni tofauti na huwezi kufika kwa moja uombe gari ya ingine.

Ukichukua ya Ufaransa na uingie barabara kuu za Uswisi, kumbuka ile stika yao inaitwa vignette. Gari za kukodi za Uswisi kwa kawaida huwa nayo tayari, za Ufaransa kwa kawaida hazina. Ni faranga 40, kama ngiri sita hivi, hakuna ya siku moja wala ya wiki. Tangu Agosti 2023 unaweza kuinunua kwa simu ikaungwa na namba ya gari. Ukipatikana bila, faini ni faranga 200 na bado utanunua hiyo ya 40. Bei ikiwa juu ya hapo ujue umeingia kwa tovuti ya mabroka. Austria nao wana yao, lakini hao angalau wanauza ya siku moja na ya siku kumi. Ujerumani gari ndogo hailipi barabara, na Ufaransa unalipa kwa geti kama Expressway yetu.

Tukirudi kwa mkataba. Forodha wakikuachilia bado kampuni ya kukodi ina neno lake. Kila kampuni ina orodha ya nchi ambazo gari yao inaruhusiwa kuingia, na orodha inabadilika kulingana na aina ya gari. Ile German machine unaitaka kwa picha inaweza kukatazwa kuingia nchi ambazo kagari kadogo kanaruhusiwa. Zingine zinataka ulipe ada ya kuvuka boda na upewe karatasi ya ruhusa. Ukivuka bila ruhusa na ugonge, bima inaweza kukataa kukulipia, na ile deni ni yako yote. Usidhani hawatajua, gari nyingi siku hizi zina kifaa cha kuonyesha ziko wapi. Uliza kaunta, kwa jina la nchi moja moja, na jibu liandikwe kwa karatasi. "Ulaya yote" si jibu.

Kuna kadi ya bima ya kimataifa pia, ile huitwa kadi ya kijani hata kama siku hizi inachapishwa kwa karatasi nyeupe. Inafanya kazi kama ile kadi ya njano ya COMESA madereva wetu hukata kabla ya kuingia Uganda. Ndani ya EU na Uswisi huihitaji, lakini ukielekea Albania ama Uturuki watakuuliza.

Visa nayo ina mtego wake, na huu unauma kuliko faini. Angalia visa yako kama ni ya kuingia mara moja ama mara nyingi. Kama ni mara moja, ukishatoka Schengen umetoka. Na kutoka ni rahisi kuliko unavyofikiri. Mfano Andorra, kale kanchi kadogo katikati ya Uhispania na Ufaransa. Kutoka Barcelona ni kama masaa matatu kwa gari, watu wanaenda kununua marashi na sigara za bei rahisi. Andorra haiko Schengen. Ukiingia na visa ya mara moja huna njia halali ya kurudi, na hakuna hata uwanja wa ndege wa kukupeleka kwingine.

Croatia pia. Zamani ukiendesha kutoka Split hadi Dubrovnik ulilazimika kupita Neum, kipande kidogo cha Bosnia kinachofika baharini. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac linalokuzungusha bila kuingia Bosnia, na Croatia yenyewe iko Schengen tangu Januari 2023. Lakini ramani ya simu haijui visa yako ni ya aina gani. Ikikupeleka Neum, utaenda Neum. Weka Pelješac mwenyewe kama kituo cha njiani.

Ireland usiseme. Kutoka Dublin hadi Belfast hakuna geti, hakuna karao, kibao kinabadilika tu kutoka kilomita kwenda maili. Lakini umeingia Uingereza, na Mkenya anahitaji visa ya Uingereza hata kama hakuna mtu wa kumuuliza hapo barabarani.

Haya, buti ya gari. Wakenya wa Uswisi wanajua nyama ya Ujerumani ni rahisi, na Jumamosi utawapata Konstanz ama Weil am Rhein wakinunua ya choma. Uswisi inaruhusu kilo moja ya nyama kwa kila mtu kwa siku. Mkiwa wawili na kilo tano, tatu zimezidi, na kila kilo iliyozidi ni faranga 17. Hiyo ni faranga 51, ngiri nane hivi, na hamjaanza kununua makaa. Pombe ni lita tano za zile nyepesi hadi asilimia 18, na lita moja ya kali. Bidhaa zote kwa jumla zisipite faranga 150 kwa kila mtu. Hiyo ilikuwa 300 hadi mwisho wa 2024, kwa hivyo ushauri wa yule rafiki aliyeenda kitambo umeshaoza. Ukipitisha, VAT yao ya asilimia 8.1 inahesabiwa kwa jumla yote uliyobeba, na simu moja ya faranga 600 haigawanywi kati ya watu wanne. Wana programu ya simu inaitwa QuickZoll, unajaza na kulipa kabla hujafika boda.

Kutoka nyumbani, nyama na maziwa usibebe kabisa. Biltong, soseji, mursik ya shosh kwa kibuyu, vyote EU imekataza wasafiri kuingiza kutoka nchi kama yetu. Na miraa, tafadhali. Kuna wazee bado wanakumbuka ikishukia Amsterdam kihalali na kupakiwa kwa gari hadi Scandinavia. Hiyo iliisha. Uholanzi walipiga marufuku 2013, Uingereza Juni 2014, na Ujerumani iko kwa orodha ya mihadarati. Mtu akikuomba umpelekee kamzigo kidogo ng'ambo ya boda kwa gari uliyokodi kwa jina lako, jina litakalosomwa kortini ni hilo hilo. Pesa taslimu ikifika euro 10,000 ukiingia ama kutoka EU, unaitangaza. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza.

Utasimamishwa? Chukulia ndio. Ujerumani ilianza ukaguzi kwa boda zake zote za nchi kavu Septemba 2024, na forodha yao inaweza kukusimamisha ukiwa ushavuka, bila kukueleza sababu, hadi kilomita 30 kutoka boda. Na wacha tuseme ukweli, gari ya kukodi yenye vijana wanne weusi haipiti bila kuonekana. Kwa hivyo usiache pasipoti hotelini. Ziweke pamoja na leseni, kibali cha kimataifa cha kuendesha ambacho AA Kenya wanatoa, mkataba wa kukodi na karatasi ya kuvuka boda. Washa taa za gari hata mchana ukiwa Uswisi, ni lazima tangu 2014, na ukisahau ni faranga 40.

Ukisharudisha gari usifunge ile kadi ya benki haraka. Kamera ikiwa ilikushika, kampuni itakukata ada ya kupeana jina lako kwa polisi, wakati mwingine wiki nyingi baadaye. Hiyo ni ada ya karatasi tu. Faini yenyewe inakuja kando.