Ukimya wa Mashine Usihesabiwe kuwa Uziwi wa Mtoto

Mtoto huketi katika chumba kisichopitisha kelele, amevaa vipokea sauti masikioni, naye huagizwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, hata ukiwa hafifu. Asipobonyeza, mpimaji huandika kwamba hakusikia. Ni mara chache kuulizwa swali la pili: je, mlio ulitoka?

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa usikivu. Safari ya wengi huanzia kwenye odiometa, yaani kifaa cha kupimia usikivu. Katika odiometa za kisasa mlio huanza kama tarakimu. Kisha kigeuzi huzibadili tarakimu hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, nao ndio huzalisha sauti katika vipokea sauti.

Hesabu ya ngazi

Odiometa kamili ya hospitali huweza kutoa milio kuanzia desibeli −10 hadi 120, upana wa desibeli 130. Kigeuzi cha biti 16 kina ngazi 65,536 tu, zinazotosha takriban desibeli 98. Ikiwa mlio wa desibeli 120 umetumia ngazi zote, ule wa desibeli 20 una kimo kidogo mara 100,000, usifikie hata nusu ya ngazi moja. Programu ikiukadiria kwa namba kamili iliyo karibu, jibu ni sifuri. Kioo kitaonyesha 20, sikio litapata kimya, na mtoto mwenye usikivu timamu ataandikwa kuwa na upungufu.

Kununua kigeuzi cha biti 24 hakumalizi tatizo. Kinadharia kina desibeli 146, lakini mvumo wa umeme katika saketi huvifanya vigeuzi vizuri kuishia takriban 120. Dawa ni kukiacha kigeuzi kifanye kazi karibu na kimo chake cha juu, kisha mlio upunguzwe baada ya hapo kwa mtandao wa rezista. Hivyo mlio na mvumo wa kigeuzi hupungua pamoja.

Njia tatu za kutolea

Kigeuzi kinachotoa mkondo huhitaji saketi ya kuugeuza mkondo huo kuwa volti. Njia ya kwanza ni rezista moja. Ni rahisi, ila volti inayojitokeza huweza kukipotosha kigeuzi chenyewe, hivyo hubidi iwe ndogo, kisha ikuzwe pamoja na mvumo. Ya pili ni amplifaya yenye mrejesho, ambayo hulishikilia tokeo la kigeuzi kwenye volti ileile wakati wote. Ya tatu ni transfoma: hutenganisha saketi na kuzuia mkondo mnyoofu, lakini kiini chake huweza kulemewa na milio mizito na kuipotosha.

Upotoshaji huo si jambo dogo kitabibu. Mlio wa hezi 125 uliopotoshwa huzaa mingine ya hezi 250 na 375. Mgonjwa aliyepoteza usikivu wa milio mizito, ilhali wa milio myembamba ungali mzima, atabonyeza kwa kuusikia mlio usiokusudiwa, na ugonjwa utafichika. Kwa kifaa cha kupimia, basi, amplifaya yenye mrejesho, ikifuatwa na chujio na kipunguza sauti, ndiyo chaguo la kutumainiwa zaidi.

Wajibu wa kliniki

Mpimaji halazimiki kujua kuchora saketi. Pamoja na kifaa kusahihishwa na fundi kila mwaka, yampasa kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mtu ambaye usikivu wake unajulikana avae vipokea sauti na kusikiliza milio hafifu katika kila sikio. Asipoisikia, ipimwe mashine kwanza.