Kuichomeka Haibridi Ukutani: Inalipa au Hailipi?

Mwenye Prius, Aqua au Crown ya haibridi ana raha yake ndani ya foleni ya Ubungo: injini imezima, AC inapuliza, na mshale wa mafuta hausogei. Raha hiyo huzaa swali. Kama gari linaweza kutambaa kwa umeme kutoka taa hadi taa, kwa nini lisiongezewe betri, likachajiwa usiku nyumbani, na petroli ikabaki kuwa akiba ya safari ndefu?

Jambo hilo linawezekana, na lilishafanyika zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Lakini kwa anayelipa kutoka mfukoni mwake, kuibadilisha haibridi ya kawaida mara nyingi ndiyo njia ghali zaidi ya kupunguza bili ya mafuta. Sababu ni moja: gari lenyewe linakula kidogo, kwa hiyo kilichobaki cha kuokoa ni kidogo vilevile.

Hesabu ya kilomita moja

Mdhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, hivyo tuchukue TSh 3,000 kwa lita kama namba ya kufanyia kazi. Kwa umeme, mteja wa tarifu ya kawaida ya TANESCO, T1, hulipa TSh 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo za REA na EWURA. Ukijumlisha zote, uniti inafika kama TSh 356.

Gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita hutumia TSh 300 kwa kilomita. Haibridi nzima, yenye betri nzuri, ikienda kilomita 20 kwa lita hutumia TSh 150. Gari la aina hiyo hiyo likiendeshwa kwa umeme hupata kama kilomita 5 kwa uniti ya LUKU, ukishatoa kinachopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni TSh 71 kwa kilomita.

Aliyetoka kwenye petroli kwenda haibridi aliokoa TSh 150 kila kilomita. Anayetoka haibridi kwenda umeme anaokoa TSh 79 tu. Nusu kubwa ya faida ulishaichukua siku uliponunua gari.

Sasa tuseme unatoka Tegeta kwenda mjini na kurudi, na pamoja na mizunguko ya hapa na pale unapiga kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 12,000. Gharama ya nishati peke yake inakuwa hivi:

- Petroli ya kawaida: TSh 3,600,000
- Haibridi ilivyo: TSh 1,800,000
- Haibridi iliyoongezewa betri, nusu ya safari kwa umeme: kama TSh 1,330,000
- Haibridi ya kuchaji kutoka kiwandani, asilimia 80 kwa umeme: kama TSh 1,040,000
- Umeme mtupu: kama TSh 850,000

Orodha hii haina bei ya kununua wala ya fundi. Hizo ndizo zinazopindua mambo.

Chaguo la kwanza: iache ilivyo, itunze

Prius ya 2003 hadi 2009 ina betri ya nikeli yenye kilowati-saa 1.3 tu. Aqua ya kwanza ina 0.9. Na kompyuta ya gari hairuhusu betri ijae kabisa wala iishe kabisa, ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha EV unakwenda kilomita moja au mbili kisha injini inaamka. Betri hiyo iliwekwa kuokoa nguvu ya breki na kuirudisha gari linapoondoka. Kulibeba gari hadi kazini si kazi yake.

Wengi wanaodai "haibridi yangu siku hizi inakula" hawahitaji betri kubwa. Wanahitaji hii iliyopo ipone. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa ya kupoza betri. Abiria huliziba kwa mkoba au nguo, na feni yake hujaa vumbi mpaka mapezi hayaonekani. Betri ikipata joto, maisha yake hufupika. Kusafisha feni hiyo ni kazi ya muda mfupi gereji.

Betri yenyewe ikifunguliwa, ndani kuna moduli 28 za volti 7.2 zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu, zikiungwa kwa vipande vya shaba. Kwa magari ya pwani, shaba hizo hukutwa zimeota kutu ya kijani. Fundi makini huzisafisha au kuzibadilisha, kisha hupima moduli moja moja zikiwa na mzigo. Fundi wa haraka hutoa moduli iliyokufa, huweka ya mtumba, hufuta msimbo wa hitilafu ya betri, P0A80, na kukukabidhi funguo. Moduli ya jirani, iliyozeeka pamoja na ile iliyokufa, hufuata baada ya miezi michache, nawe unarudi kulipa tena. Ukikarabati, dai orodha ya vipimo vya moduli zote 28. Bila orodha hiyo, unanunua bahati.

Chaguo la pili: ongeza betri

Mwaka 2004, kikundi cha CalCars huko California kiliijaza Prius betri za risasi na kuichaji kutoka soketi ya nyumbani. Baadaye yakaja makampuni. Hymotion ya Kanada, iliyonunuliwa na A123 Systems mwaka 2007, iliuza betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 iliyokaa chini ya sakafu ya buti, kwa takriban dola 10,000. A123 ilifilisika Oktoba 2012. Waliokuwa na betri hizo walibaki na kifaa cha kampuni iliyofilisika. Swali hilo hilo limuulize fundi yeyote anayekuuzia mfumo wa namna hii leo: ukiharibika baada ya miaka mitatu, spea itatoka wapi?

Mfumo wenyewe hufanya kazi kwa ujanja. Betri ya ziada hulisha ile ya awali, kompyuta inaona chaji iko juu muda wote, basi inatumia mota zaidi na injini kidogo. Lakini gari linabaki na mipaka lililozaliwa nayo. Kwenye Prius ya kizazi cha pili, ukikaribia kilomita 70 kwa saa injini lazima izunguke, vinginevyo mota ndogo iliyofungwa nayo kwenye mfumo mmoja wa gia itazidi kasi yake. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kupandisha mlima, injini inawaka pia. Kwa hiyo "umeme zaidi" ni sahihi kusema, na "umeme mtupu" si sahihi. Kwenye foleni ya Morogoro Road utafaidi. Ukienda Chalinze, utabeba kilo 80 hivi za ziada.

Betri ya kilowati-saa 5 ikichajiwa kila usiku hukupa kama kilomita 20 za umeme. Katika mfano wetu hiyo ni nusu ya safari, nayo huokoa kama TSh 473,000 kwa mwaka. Fundi akikutajia TSh milioni 8, utarudisha fedha yako baada ya miaka karibu 17. Akikutajia milioni 4, ni miaka minane na nusu. Muulize waranti ni ya miaka mingapi, kisha linganisha.

Dereva wa teksi atasema yeye anakimbia kilomita 150 kwa siku, hivyo atarudisha haraka. Hapana. Faida huhesabiwa kwa kilomita zilizotoka kwenye betri, si kwa kilomita za barabarani. Kama anachaji mara moja usiku, naye anapata 20 zile zile. Akipata nafasi ya kuchaji tena mchana zinakuwa 40, na zilizobaki zote ni za petroli.

Kuna mtego mwingine ambao fundi wa magari hawezi kukuambia. Kama nyumba yako iko kwenye tarifu ya matumizi madogo, D1, unalipa TSh 100 kwa uniti, kama 122 pamoja na VAT na tozo, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Gari peke yake litakula uniti 100. Ukihamishiwa T1, friji, taa na pasi navyo vinapanda bei: uniti zako 75 za zamani zitakugharimu kama TSh 17,500 zaidi kila mwezi, sawa na TSh 210,000 kwa mwaka. Faida ya 473,000 inabaki 263,000.

Halafu kuna usalama. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye Prius hubeba zaidi ya volti 200 za umeme usiobadilika, na inverta huzipandisha hadi 500 au zaidi. Anayefanya kazi hapo lazima achomoe plagi ya usalama, asubiri dakika kadhaa kapasita zimwage chaji, na avae glavu za umeme zilizopimwa. Mwaka 2008 Prius moja iliyobadilishwa iliungua barabarani huko Marekani, na chanzo kilikuwa muunganisho ambao haukukazwa vizuri. Zungumza na bima yako kabla ya kufunga chochote, kwa maandishi.

Mahali pamoja tu chaguo hili linaweza kusimama: pale betri ya zamani ikiwa imekufa kabisa na ni lazima ununue nyingine. Hapo, kama mfumo wa kuchaji unachukua nafasi ya betri hiyo badala ya kuilisha, hulinganishi bei yake nzima na sifuri. Unalinganisha tofauti kati yake na betri ya kawaida. Tofauti ikiwa TSh milioni 2, miaka minne na kidogo inatosha kuirudisha, mradi uko T1 tayari.

Chaguo la tatu: iliyotoka kiwandani na soketi yake

Kama unakaribia kubadilisha gari, nguvu zako zielekeze hapa. Prius PHV ya 2012 ina betri ya lithiamu ya kilowati-saa 4.4. Ile iliyokuja 2017 ina 8.8, na kipimo cha Marekani huipa kama kilomita 40 kwa umeme. Kwenye hiyo ya 2017 Toyota iliongeza klachi inayoruhusu mota zote mbili kusukuma magurudumu pamoja, jambo ambalo betri ya kuongezea haiwezi kukupa. Mitsubishi Outlander PHEV ya 2013 ina kilowati-saa 12, lakini ni gari zito, hivyo kilomita kwa uniti ni chache.

Katika mfano wetu, Prius PHV ya 8.8 huokoa kama TSh 756,000 kwa mwaka ikilinganishwa na haibridi ya kawaida. Basi kama tofauti ya bei kati ya magari mawili ya mwaka mmoja na hali moja haizidi milioni 3, inajirudisha ndani ya miaka minne. Linganisha bei ya kufika bandarini pamoja na ushuru. Hapa Tanzania gari lililozidi miaka minane hubeba ushuru wa ziada wa umri. Kenya lililozidi miaka minane haliingii kabisa.

Usidanganywe na jina. Nissan Note e-Power huendeshwa na mota ya umeme muda wote, ila umeme huo unatengenezwa na injini, betri yake ni ya kilowati-saa 1.5 na haina mahali pa kuchomeka. Dai kwa muuzaji picha mbili: mlango wa chaji ukiwa wazi, na dashibodi ikionyesha kilomita za umeme baada ya kuchaji hadi mwisho. Ya pili ndiyo itakayokwambia betri imebaki na nini.

Chaguo la nne: umeme mtupu

Kuing'oa injini ya Prius haifai, kwa kuwa injini na mota zimefungwa kwenye mfumo mmoja wa gia. Anayetaka umeme mtupu anunue gari la umeme. Nissan Leaf ya mtumba ndiyo inayojulikana zaidi, zikiwemo za kilowati-saa 24, 30 na 40. Betri yake haina mfumo wa maji wa kupoza, na joto huichosha. Vile vibao 12 vya afya ya betri pembeni ya dashibodi ndivyo vya kuangalia kwanza. Inamfaa mwenye safari za mjini na gari la pili la kwenda mkoani.

Soketi yako iko tayari?

Chaja ya Kijapani inayokuja na gari nyingi ni ya volti 200 au 100. Usiichomeke kwenye 230 za hapa kabla hujasoma kibandiko chake. Chaja ya ampea 16 haifai kwenye plagi ya ampea 13, wala kwenye ekstensheni. Iwekewe laini yake kutoka kwenye mein switch, yenye breka yake na waya wa ethi uliopimwa. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya chaguo la pili, la tatu na la nne.

Bei ya umeme ikishuka, majibu hubadilika. Kenya, mdhibiti wa nishati, EPRA, aliweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchaji magari: KSh 16 kwa uniti, na KSh 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo, kwa mita ya peke yake. Kwa anayechaji usiku kwa mita hiyo, soketi ina thamani kubwa kuliko kwa mteja wa T1 wa Dar.

Kwa wengi wetu mpangilio ni huu. Gari zima: litunze, safisha feni ya betri, jaza upepo matairi. Betri imekufa: pata bei ya ukarabati, ya betri mpya na ya mfumo wa kuchaji, kisha gawa tofauti kwa akiba ya mwaka. Unabadilisha gari: tafuta PHV. Na fundi anayekuahidi umeme mtupu kwenye Prius ya 2006, mwambie akuchukue Bagamoyo Road kwa kilomita 80 kwa saa. Injini itakujibu yenyewe.