Kitendo Kinapomrudia Mtenda: "-ji-" ya Kiswahili na "myself" ya Kiingereza

Ukiketi kwa muda katika saiba yoyote ya mtaa wa Tudor, hasa zile zilizo karibu na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), utaona barua za kuomba kazi zikichapwa moja baada ya nyingine. Kiingereza chake mara nyingi huwa kizuri mpaka kifike kwenye sentensi kama hii: "I feel myself ready to join myself with your company." Aliyeiandika anajua vyema anachotaka kusema. Kichwani mwake ipo sentensi safi ya Kiswahili: "Najisikia tayari kujiunga na kampuni yenu." Kila "-ji-" aliyoikuta ameitafutia "myself" yake. Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na lugha mbili kulishughulikia jambo moja kwa njia mbalimbali, na njia hizo zinaelezeka.

Tuanze na Kiswahili. Mtenda na mtendwa wakiwa mmoja, tunaipachika "-ji-" ndani ya kitenzi, pale pale panapokaa "-m-" ya "nimemkata" au "-wa-" ya "nimewakata". Nimejikata, umejikata, amejikata, tumejikata, mmejikata, wamejikata: nafsi zinabadilika, "-ji-" haibadiliki. Na kwa kuwa nafasi hiyo ni moja tu, viambishi viwili haviingii pamoja. Husema "nimejinunulia kitabu". Hakuna asemaye "nimekijinunulia".

Kiingereza hukitoa kirejeshi, yaani neno la kumrudishia mtenda kitendo chake, nje, kikakaa baada ya kitenzi, tena kikalazimika kulingana na mwenyewe: myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves, themselves. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili hukwama mara mbili. Kwanza ni jinsia. "Amejiumiza" yetu haiulizi kama ni mume au mke, ndiyo maana hata mwanafunzi hodari huandika "My mother hurt himself". Pili ni umoja na wingi. Mwalimu akiliambia darasa zima "Prepare yourself", amesema "jitayarishe". Akitaka "jitayarisheni", sharti aseme "Prepare yourselves".

Lakini kazi kubwa iko kwenye vitenzi vyenyewe, na vitenzi hivyo naona vyema tuvigawe makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vile ambavyo lugha zote mbili zinakubaliana. Amejikata ni "he cut himself". Jitambulishe ni "introduce yourself". Anajilaumu ni "she blames herself". Hapa tafsiri ya moja kwa moja haina madhara.

Kundi la pili ni vile ambavyo Kiswahili kina "-ji-" na Kiingereza hakina kitu. Kujisikia ni "feel", kujiunga ni "join", kujifunza ni "learn", kujitokeza ni "come forward", kujifungua ni "give birth". Katika vitenzi hivi "-ji-" imezama ndani ya neno, na maana imekuwa moja isiyogawanyika. Mama aliyejifungua hakuna anayemdhania kuwa alikuwa amefungwa. Kitenzi cha kuangaliwa zaidi hapa ni kujiuzulu. Waziri akijiuzulu, Kiingereza husema "The minister resigned", basi. Ukiongeza kirejeshi, "He resigned himself to it", umesema jambo jingine kabisa: kwamba amekata tamaa akakubali yaliyomfika.

Kundi la tatu ni kinyume chake: Kiingereza kinadai kirejeshi, Kiswahili hakina haja nacho. Tulistarehe ni "We enjoyed ourselves". Ukisema "We enjoyed" ukanyamaza, msikilizaji atangoja umwambie mlifurahia nini. Lakini "We enjoyed the wedding" imekamilika, kwa sababu harusi imekwisha kuijaza nafasi. Shika adabu ni "Behave yourself". Na mwenyeji anayemwambia mgeni "Help yourself" mbele ya sinia ya biriani anamaanisha "karibu, pakua". Asithubutu kamwe kuigeuza neno kwa neno ikawa "jisaidie", kwani kujisaidia kwetu ni kwenda chooni.

Vitenzi vya kuutunza mwili vinatupa afueni. Sisi husema nimekoga, nimenyoa, nimevaa, bila "-ji-" yoyote. Kiingereza nacho husema "I washed, shaved and dressed" bila "myself". Kirejeshi kikitokea hapo huwa kina sababu. "The child dressed himself" ina maana mtoto amevaa mwenyewe, hakuna aliyemsaidia.

Neno "mwenyewe" linatuleta kwenye fundo jingine. Kiswahili kina vyombo viwili: "-ji-" ya kumrudishia mtu kitendo chake, na "-enyewe" ya kutilia mkazo. Kiingereza kina chombo kimoja kwa kazi zote mbili. Njia ya kuzitenganisha ni rahisi: ondoa kirejeshi uone sentensi itabaki vipi. "I built the house myself" ukiitoa "myself", nyumba bado imejengwa. Huo ulikuwa mkazo, nimeijenga mwenyewe. "I hurt myself" ukiitoa, sentensi inayumba, kwa maana aliyeumizwa ametoweka. Nayo "by myself" ni peke yangu.

Tena tusichanganye kujirejelea na kutendeana. Kiswahili kinazitenga vizuri: walijilaumu, kila mtu nafsi yake, walilaumiana, huyu kamlaumu yule. La kwanza ni "They blamed themselves", la pili ni "They blamed each other". Mwenye kuandika kuhusu maharusi kwamba "they love themselves" amewaita wabinafsi siku ya furaha yao.

Mwaka 1981 mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky aliiweka kanuni ya virejeshi katika nadharia yake ya ufungamanishi: kirejeshi sharti kipate mwenyewe karibu, ndani ya kishazi chake. Katika "Asha said that Mariam blamed herself", aliyelaumiwa ni Mariam, si Asha. Kiswahili kinaifuata kanuni hiyo hiyo: "Asha alisema Mariam alijilaumu." Kwa kanuni hii utaona kwa nini "Myself and the chairman will attend" na "Please contact myself", ambazo husikika sana mikutanoni, hukosolewa katika uandishi rasmi. "Myself" imesimama bila "I" ya kuirejelea. Wengi huitumia kwa kudhani ina heshima zaidi, na hata wazawa wa Kiingereza huisema, lakini katika barua rasmi andika "The chairman and I" na "Please contact me".

Isidhaniwe kwamba Kiingereza kilizaliwa na mfumo huu. Kiingereza cha kale hakikuwa na virejeshi maalumu; mtu aliweza kutumia kiwakilishi cha kawaida, na "self" ilikuwa neno la mkazo tu. Karne zilivyopita, viwili hivyo viliungana. Ndiyo sababu maumbo yake hayana mpango mmoja: "myself" na "ourselves" zina kimilikishi, ilhali "himself" na "themselves" hazina.

Walimu wetu wana jambo la kufanya hapa. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha matumizi ya "ji" katika darasa moja, mwalimu wa Kiingereza hufundisha virejeshi katika darasa jingine, na mwanafunzi ndiye anayeachiwa kuziunganisha lugha hizo peke yake. Waketi pamoja, waandike vitenzi hivi katika safu mbili, wamwonyeshe mtoto zinapokutana na zinapoachana. Nawe msomaji, kila ujifunzapo kitenzi cha Kiingereza, kijifunze pamoja na kinachokifuata, kwa sababu kamusi huandika "enjoy yourself" kwa makusudi. Wala usimkubali mtu akuambiaye kwamba Kiswahili kinakuharibia Kiingereza. Anayeielewa "-ji-" yake barabara ameshafika nusu ya safari.