Si Mvivu, Wala Hana Pepo

Huenda unamfahamu mwanamke huyu. Ni karani hodari, mwepesi wa kufikiri, lakini barua iliyotakiwa Jumatatu anaikumbuka Alhamisi. Huanza kazi tatu, asimalize hata moja. Kikaoni mwili upo, akili imeshakwenda sokoni. Mumewe anasema hajali, mkubwa wake anamwita mvivu, na kanisani wapo wanaonong'ona kuwa ana pepo.

Mama mwenye kichanga asiyelala usiku naye husahau mengi, na huo si ugonjwa. Lakini wapo waliokuwa hivyo tangu kabla ya umri wa miaka 12, nyumbani, shuleni na sasa kazini. Hali hiyo madaktari huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini, mara nyingi pamoja na kutotulia. Hurithiwa sana katika ukoo, na akina mama wengine huigundua pale mtoto wao anapopimwa. Wasichana wengi wenye hali hii hawarukiruki darasani. Hukaa kimya wakiwaza mbali, basi hakuna anayewashtukia.

Usijipachike jina hilo mwenyewe, dada. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na kukosa usingizi huleta dalili zinazofanana. Chunguzwa hayo kwanza, kisha omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili, kama Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Dawa zipo na huwasaidia wengi, ila baadhi hupandisha presha na mapigo ya moyo. Kama una presha, una mimba au unanyonyesha, sema mapema.

Kumweleza mkubwa wa kazi ndiko kugumu. Nenda faraghani, wakati mambo yametulia, si siku uliyokosea. Si lazima umsomee faili lako lote la hospitali. Omba mambo mawili matatu yasiyo na gharama: maagizo kwa maandishi badala ya mdomo; meza iliyo mbali na mlango; saa moja ya asubuhi bila simu wala wateja, ya kuhakiki hesabu; kazi kubwa igawanywe, kila kipande na tarehe yake. Pendekeza mjaribu mwezi mmoja. Nawe uwe na daftari moja tu. Vikaratasi hupotea!

Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaohesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Si kila mwenye ADHD atahesabiwa hivyo. Inategemea hali inavyomzuia, ndiyo maana barua ya daktari ni muhimu. Ukikataliwa, zungumza kwanza na chama cha wafanyakazi kabla ya kufikiria Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nakala ya barua yako iweke nyumbani.