Kwa Nini Muvi Hukwama Mwishoni

Msaliti akikaribia kutajwa tu, picha inaganda. Sote mtaani Donholm, Nairobi, tulionunua muvi za shilingi hamsini tunaujua uchungu huo, na sote tuliipiga deki makofi. Tuliionea.

Je, wajua kwamba DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume na santuri za kina Fadhili William? Leza nyekundu huanzia karibu na tundu, ikifuata mstari mmoja wa vishimo uliojizungusha kama donge la chapati kabla halijasukumwa. Diski ikijaa, mstari huo ukinyooshwa unapita kilomita 11. Kwa hiyo mwisho wa hadithi huangukia ukingoni, pale pale vidole vinaposhika.

Chukua The Manchurian Candidate. Jonathan Demme aliirudia mwaka 2004, akiwa na Denzel Washington, filamu ambayo John Frankenheimer aliitoa 1962. Akahamisha vita kutoka Korea hadi Ghuba, na njama akaikabidhi kampuni kubwa. DVD ilitoka Desemba ya mwaka huohuo. Diski za kiwandani za filamu ndefu kama hiyo kwa kawaida huwa na tabaka mbili: leza huenda hadi ukingoni, kisha hurudi ndani kwa tabaka la pili. Ukingoni hukaa katikati ya hadithi. Siri ya mwisho imelala salama karibu na tundu. (Ule mkwamo mdogo wa katikati si ubovu, ni leza inabadilisha tabaka.)

Lakini diski ya Marekani ni ya kanda ya 1, Kenya ni kanda ya 5, na deki yenye msimamo huikataa. Wachomaji wetu wa diski wakaikamua filamu iingie tabaka moja la gigabaiti 4.7, tena pamoja na nyingine saba. Siri ya filamu iliyowekwa mwisho ikarudi ukingoni.

Na acheni dawa ya meno! Pangusa kutoka tunduni moja kwa moja hadi nje. Deki huweza kufidia mkwaruzo unaokatiza mstari. Unaoufuata mstari humeza habari mfululizo.

Kinachoniudhi zaidi ni yaliyoipata Riverwood, tasnia yetu ya filamu. Filamu zake nyingi ziliuzwa kwa diski za kuchoma, ambazo rangi yake hufifia juani, na leo diski hizo zinatishia ndege kwenye sukuma wiki, zinaning'inia kwenye matatu, zinapamba kuta, zinaishia jaani Dandora. Kama unayo moja kwenye droo, ihamishie kwenye flashi wiki hii, deki ingali inawaka.