Panda Sasa au Ngoja Kwanza?

Katikati ya Oktoba, mkulima wa Siakago au Kiritiri, huko Mbeere katika kaunti ya Embu, ameshalima na mbegu ziko nyumbani. Mvua ya kwanza inanyesha usiku. Je, ndiyo vuli yenyewe, au ni mvua ya kupotosha? Akipanda kisha jua likawaka wiki mbili, mbegu zitaota na kunyauka. Akingoja mno, mahindi yatakosa maji kabla ya kuzaa. Upande huu wa Mlima Kenya, kuanzia Mbeere kupitia Tharaka hadi nyanda za chini za Meru, msimu ni mfupi, na vuli ndiyo hutegemewa kuliko masika. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, mvua ziliwaangusha wakulima na wafugaji wa maeneo kame ya Kenya misimu mitano mfululizo.

Kuamua huku hujui ni tatizo la akili mnemba pia. Jibu moja linaloweza kuitwa ukisiaji tendaji lilitoka kwenye utafiti wa ubongo. Karl Friston wa University College London anashikilia kwamba ubongo haukai ukingoja habari ziingie: hukisia kinachosababisha yale yanayoonekana na kusikika, kisha hujirekebisha unapokosea. Hermann von Helmholtz alikuwa na wazo la jinsi hiyo katika karne ya 19. Hesabu ya wazo hilo ni ya zamani zaidi, ya Thomas Bayes, ambaye insha yake ilichapishwa mwaka 1763, yeye akiwa amekwisha kufa.

Tuilete hesabu hiyo Mbeere, kwa takwimu za mfano tu. Mkulima anaona uwezekano wa msimu mzuri ni nusu kwa nusu. Anajua pia kwamba katika misimu mizuri 10, mvua huanza mapema mara 8. Katika mibaya 10, mara 3. Mwaka huu imeanza mapema. Imani yake katika msimu mzuri inapanda kutoka asilimia 50 hadi karibu 73. Ingechelewa, ingeshuka hadi karibu 22. Mtafiti Ian Stewart, aliyefanya kazi Kenya miaka ya 1980, alijenga ushauri mzima wa kilimo juu ya tarehe ya kuanza kwa mvua, akitumia kumbukumbu za Katumani, Machakos: mvua ikiwahi, panda kwa wingi na utie mbolea, ikichelewa, punguza.

Hadi hapo ni kukisia tu. Utamu wa nadharia hii uko kwenye kutenda. Kila mpango unaowezekana hupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja: utanifikisha karibu kiasi gani na ninachokitaka, na utanipunguzia kiasi gani cha kutojua. Katika jaribio la kompyuta ambalo Friston na wenzake walichapisha mwaka 2015, panya wa kubuni amewekwa kwenye njia panda. Chakula kiko kushoto au kulia, na akikosea hakuna kurudi. Nyuma yake kuna ishara inayoonyesha upande sahihi. Panya huyo huanza kwa kurudi nyuma kuitazama ishara, ingawa huko hakuna chakula. Hakuna aliyemwekea zawadi ya udadisi. Udadisi wake unatokana na hesabu yenyewe. Mkulima anayechimba kidogo kwa jembe asubuhi, aone maji yameingia ardhini kiasi gani, anafanya jambo lilelile.

Wapo wanaouliza: kama wakala anayekisia na kutenda hivi anakwepa kushangazwa, yaani kukutana na asichotarajia, mbona asijifungie katika chumba chenye giza? Kwa sababu anayotarajia yamechanganyika na anayoyataka. Aliyejengwa kutarajia kushiba atashangazwa na njaa hata gizani.

Hapo ndipo mimi naona hatari. Matakwa hayo huandikwa na mtu. Mwenye ekari mbili na watoto wa kulisha hatafuti mavuno makubwa kupita yote. Anataka msimu ambao hata ukiharibika, kunde na mtama vitabaki. Programu ya ushauri iliyoandikiwa magunia mengi ya mahindi itampotosha hata kama makisio yake ya mvua ni sahihi, na hesabu zake hazitaonyesha kosa lolote.