Marudufu si Kanga
Akina mama waagizao nguo kupitia Mombasa wazilete Lamu wasimwachie wakala aandike "kanga" kwa kila kitambaa chenye maua. Forodha huangalia ufumaji, wala si maua. Kanga hufumwa uzi juu, uzi chini, nayo ina mstari wake katika orodha ya ushuru ya Afrika Mashariki. Marudufu, nguo nzito ya mito na mapazia, huonesha mistari ya mshazari. Ya nyuzi 3 au 4, pamba asilimia 85 au zaidi, iliyopigwa chapa na kuzidi gramu 200 kwa mita mraba, huingia 5209.52. Kata sentimita 10 kwa 10, ukapime kwa sonara (mizani yake haikosi): kipande kizidi gramu 2. Andiko likikosewa, mzigo waweza kuzuiliwa, na gharama za ghala zikala faida ya Idi kabla nguo haijafika Mokowe.